Stelingi Inayocheza kwenye Pikapu ya Zamani: Ulegevu Utafutwe Kwanza, Boksi Likazwe Mwisho

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

DEREVA wa pikapu ya zamani anayebeba ndizi kutoka Kamachumu au Nshamba kwenda Bukoba Mjini hahitaji kuelezwa maana ya stelingi inayocheza. Anageuza usukani kwa upana wa kiganja na magurudumu ya mbele bado hayajaitika. Akiwa kwenye lami iliyonyooka mikono yake haitulii, bali inalisahihisha gari kushoto na kulia muda wote, na akiingia kwenye mashimo ya barabara ya changarawe husikia vyuma vikigongana chini ya miguu yake. Wengi huizoea hali hiyo. Hatari inaanzia hapo, kwa kuwa ulegevu wa usukani hukua polepole kiasi kwamba anayeliendesha gari kila siku ndiye huwa wa mwisho kuutambua.

Siku anapoamua kulipeleka gari gereji, mazungumzo huwa mafupi. "Fundi, stelingi inacheza," husema dereva. "Tunaikaza, bosi, dakika tano tu," hujibu fundi. Na kweli, baada ya dakika tano kazi imekwisha: fundi amelegeza nati moja juu ya boksi la stelingi, amezungusha kwa bisibisi skrubu iliyo katikati yake, kisha ameifunga nati. Usukani umekuwa mzito kidogo, dereva analipa na kuondoka akiwa ameridhika.

Makala haya yanaeleza kwa nini tiba hiyo, ingawa ina nafasi yake, inapaswa kuwa ya mwisho. Yanaeleza pia kile ambacho mwenye gari anaweza kukikagua akiwa na msaidizi mmoja na kipande cha chaki, kabla hajalipia chochote.

Mazingira ya Kagera yanalifanya jambo hili kuwa zito kuliko linavyoweza kuonekana kwingine. Mji wa Bukoba uko ufukweni mwa Ziwa Victoria, na nyuma yake ardhi inapanda ghafla. Wilayani Muleba, mazao ya uwanda wa juu wa Kamachumu hushushwa kwa barabara zenye kona na miteremko kabla ya kuifikia barabara kuu ya lami inayotoka Bukoba kupitia Muhutwe na Muleba kuelekea Biharamulo. Mjini Bukoba hunyesha takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiwango ambacho ni miongoni mwa vikubwa zaidi nchini. Maji hayo, yakichanganyika na udongo mwekundu wa barabara za vijijini, hupenya kwenye mipira iliyochanika ya viungo vya stelingi, huiondoa grisi na kuacha mchanga mahali pake. Kiungo ambacho kingedumu miaka kadhaa kwenye lami ya mahali pakavu hapa huchakaa mapema, hasa kwenye Toyota Hilux na Land Cruiser za miaka ya 1980 na 1990, ambazo nyingi zilishafanya kazi kwa mmiliki mwingine, pengine katika nchi nyingine, kabla ya kuja kubeba mikungu.

Ili kuutafuta ulegevu ni lazima kwanza kujua nguvu ya mikono ya dereva inapita wapi. Kutoka kwenye usukani, shafti hushuka hadi kwenye boksi la stelingi, ambalo limefungwa kwa boliti kwenye chesisi. Ndani ya boksi shafti hiyo ina mzingo kama wa skrubu kubwa, na juu ya mzingo huo hutembea nati nzito inayoteleza juu ya gololi ndogo za chuma. Nati hiyo ina meno, na meno hayo huzungusha shafti ya pili inayotokeza chini ya boksi. Kwenye ncha ya shafti ya pili umefungwa mkono wa chuma, ambao mafundi huuita pitimani.

Kuanzia hapo magari hutofautiana. Kwenye Hilux inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, pitimani huvuta fimbo ndefu ya kati inayopita chini ya injini hadi upande wa pili wa chesisi, ambako hubebwa na mkono mwingine usio na boksi. Kutoka kwenye fimbo ya kati huchomoza tairodi mbili fupi, kila moja ikielekea kwenye gurudumu lake. Kwenye Land Cruiser na Hilux za zamani zenye ekseli nzima ya mbele na kusukumwa na magurudumu yote manne, pitimani husukuma fimbo moja hadi kwenye gurudumu moja, kisha tairodi ndefu hulifunga gurudumu hilo na mwenzake. Pikapu mpya zaidi, kama Hilux za toleo la Vigo lililoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 2000, hutumia reki badala ya boksi, na sehemu ya maelezo haya haiyahusu magari hayo.

Msomaji akihesabu viungo vya aina ile ya kwanza atapata viungo sita vya gololi: viwili vya fimbo ya kati, na viwili kwenye kila tairodi. Juu ya hivyo kuna bushi ya ule mkono wa upande wa pili, na boljointi za juu na za chini zinazobeba kila gurudumu. Boksi ni moja tu. Hata kwa hesabu hiyo pekee, kuanza kwa kulituhumu boksi ni kucheza bahati nasibu.

Ipo hesabu nyingine, na hii ndiyo inayostahili kukumbukwa. Tuchukue boksi ambalo usukani unapaswa kuzunguka nyuzi 20 ili pitimani ugeuke nyuzi 1, pitimani wenye urefu wa sentimita 15, na usukani wenye upana wa sentimita 38. Hivi ni vipimo vya kawaida kwa pikapu za aina hii. Kiungo kimoja kilicho mbele ya pitimani kikiwa na ulegevu wa milimita 1 tu, dereva ataupata ulegevu huo kwenye ukingo wa usukani ukiwa umekuzwa hadi takribani milimita 25. Vitabu vya mafundi vya Toyota kwa pikapu hizo huweka kikomo cha milimita 30 kwenye ukingo wa usukani. Maana yake ni kwamba viungo viwili vilivyochakaa kwa unene wa kadi ya simu vinatosha kabisa kulivusha gari kikomo hicho, huku boksi likiwa zima.

Aidha, ulegevu wa boksi na ulegevu wa viungo havilingani kwa hatari. Boksi lililochakaa humchosha dereva na kulifanya gari liyumbe, lakini mara chache huachia ghafla, kwa kuwa gololi na meno yake yamefungiwa ndani ya chuma. Kiungo cha tairodi hakina kinga hiyo. Gololi yake ikishakula kikombe chake hadi mdomo ukapanuka, siku gurudumu likiingia shimoni gololi huchomoka. Gurudumu moja hubaki linamtii dereva na la pili hugeukia linakotaka, na kwenye mteremko wenye kona hakuna muda wa kufanya lolote. Fundi anayekaza skrubu ya boksi wakati ulegevu uko kwenye tairodi anaziba kengele ambayo ilikuwa inamwonya dereva: usukani unahisika mgumu na imara, na kiungo kinaendelea kulika.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine. Gari liegeshwe kwenye sakafu tambarare, magurudumu ya mbele yakitazama mbele, breki ya mkono ikiwa imevutwa na magurudumu ya nyuma yamewekewa vigingi. Kwanza upimwe ukubwa wa tatizo. Alama ya chaki iwekwe kwenye ukingo wa usukani, rula ishikwe mbele yake, na usukani ugeuzwe taratibu kwa kidole kimoja upande mmoja mpaka gurudumu lianze kusogea, kisha upande wa pili vivyo hivyo. Msaidizi asimame nje akilitazama gurudumu na kutamka pale linapoanza kuitika. Umbali kati ya pointi hizo mbili ndio ulegevu. Kwenye gari lenye pawa stelingi kipimo hiki kifanywe injini ikiunguruma, na katika hatua hii asiwepo mtu chini ya gari. Namba inayopatikana iandikwe.

Hatua ya pili ndiyo yenye majibu. Injini izimwe na gari libaki juu ya magurudumu yake bila jeki, kwa sababu uzito wa gari ndio unaoyashikilia magurudumu ili ulegevu uonekane. Msaidizi akae kwenye kiti cha dereva na kutikisa usukani kushoto na kulia kwa mwendo mfupi wa mfululizo, bila kuupeleka hadi mwisho. Anayekagua alale chini na kupitisha mkono kiungo kwa kiungo, kidole kikigusa vipande viwili vinavyoungana kwa pamoja. Kiungo kizima hupeleka mwendo wote bila kuchelewa. Kiungo kilichochakaa humpa anayekagua mguso mdogo wa kugonga, kipande kimoja kikitangulia na kingine kikifuata, tofauti ambayo kidole huitambua hata pale jicho lisipoiona.

Utaratibu mzuri ni kufuata njia ileile ya nguvu, kutoka juu kwenda chini. Shafti ya usukani ina maungio kabla ya kufika kwenye boksi, na kwenye baadhi ya magari moja ya maungio hayo ni kisahani cha mpira mgumu. Mpira huo ukipasuka, usukani hucheza hata kama kila kitu kingine ni kipya. Kisha litazamwe boksi lenyewe. Shafti inayoingia ikigeuka huku pitimani umesimama tuli, ulegevu huo ni wa boksi. Lakini boksi zima likionekana kutikisika juu ya chesisi, tatizo ni boliti zilizolegea au, jambo baya zaidi, chesisi iliyopasuka kuzunguka matundu ya boliti. Ufa wa namna hiyo hujificha chini ya tope na grisi. Unastahili kusafishwa kwa brashi na mafuta ya taa kabla ya kuamua lolote, hasa kwenye gari lililofungwa matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani, kwa kuwa tairi pana huliongezea boksi mzigo kila linapogeuka.

Baada ya hapo fuata pitimani na nati yake kubwa, fimbo ya kati, na ule mkono wa upande wa pili. Mkono huu husahaulika sana kwa kuwa hausukumi chochote. Bushi zake zikilika, fimbo ya kati hupanda na kushuka badala ya kwenda kushoto na kulia, na sehemu ya mwendo wa usukani hupotea humo. Anayekagua aushike kwa mkono na kujaribu kuuinua. Ukicheza juu na chini, dawa yake inajulikana na wala si ghali ukilinganisha na boksi. Mwisho zifuate tairodi, moja baada ya nyingine.

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji jeki, na hapa neno la tahadhari halikwepeki. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Gari likishainuliwa litulizwe juu ya stendi za chuma, au magogo mapana ya mbao yaliyopangwa kwa kupishana. Matofali ya kuchoma na mawe, ambayo huonekana chini ya magari katika gereji nyingi za mitaani, hupasuka bila kutoa taarifa.

Gurudumu likiwa hewani, lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, msaidizi akanyage breki na litikiswe tena. Ulegevu ukitoweka breki inapokanyagwa, chanzo ni beringi za gurudumu, ambazo kwenye pikapu hizi za zamani husafishwa, hupakwa grisi mpya na kukazwa upya kwa nati yake kama bado hazijapata madoa. Ulegevu ukibaki palepale, mshukiwa ni boljointi, au kingipini kwa gari lenye ekseli nzima. Kwa Hilux yenye boljointi, jeki iwekwe chini ya mkono wa chini karibu na gurudumu, vinginevyo springi huibana boljointi na kuuficha ulegevu wake. Kisha gurudumu lishikwe kushoto na kulia. Likicheza kwa upande huo pekee, turudi kwenye tairodi.

Madereva wa Land Cruiser wanaifahamu pia dalili nyingine: gari likifika mwendo fulani kwenye lami, likapita juu ya tuta dogo au kiraka, magurudumu ya mbele yote mawili huanza kutetemeka kwa nguvu na usukani kuruka mikononi hadi gari lipunguzwe mwendo kabisa. Wengi hukimbilia kubadilisha shokapu ya stelingi, na mtetemo hupungua kwa miezi michache. Shokapu hiyo huzima kelele tu. Mara nyingi chanzo huwa beringi za kingipini zilizolegea, ambazo hurekebishwa kwa kupunguza vibati vyembamba vilivyo chini ya vifuniko vyake au kwa kubadilishwa, pamoja na bushi za springi na tairodi iliyochakaa. Kazi hiyo huchukua siku nzima, na fundi anayeahidi kuimaliza kwa saa moja anapaswa kuulizwa maswali.

Upo pia ulegevu ambao si ulegevu. Pikapu iliyotengenezwa kubeba takribani tani moja, ikapakiwa mikungu hadi ikaning'inia nje ya bodi kwa nyuma, huinuka mbele kama mizani. Magurudumu ya mbele hupoteza uzito wa kukamata barabara, na kwenye mpando wa kuelekea Kamachumu usukani huwa mwepesi na usio na uhakika. Hakuna spea inayotibu hali hiyo; dawa yake ni kupunguza mzigo na kuusogeza mbele.

Kinyume chake hutokea kwa wale walioongeza pleti za springi za nyuma ili kumudu mizigo. Gari likiwa tupu, nyuma huwa juu sana na pua hutazama chini. Anayefahamu baiskeli atalielewa hili kwa urahisi: uma wa mbele wa baiskeli umelala kidogo kuelekea nyuma, na mlalo huo ndio unaolifanya gurudumu litafute mstari ulionyooka lenyewe. Magurudumu ya mbele ya gari yana mlalo wa namna hiyohiyo, na nyuma ya gari ikiinuliwa mlalo hupungua. Usukani hauna ulegevu hata wa milimita, lakini gari linazurura barabarani kama lililolegea. Tairi za mbele zenye upepo pungufu au zilizotofautiana huleta malalamiko yaleyale, na kuzipima ni kazi ya kuanza nayo kwa kuwa haigharimu chochote.

Tuje kwenye matengenezo. Kiungo cha tairodi hufungwa kwa pini yenye umbo la koni inayoingia kwenye tundu la umbo hilohilo, kisha nati yenye mapengo, kisha pini ndogo ya kuizuia nati isifunguke. Kabla ya kukitoa kiungo cha zamani, fundi mwangalifu huhesabu mizunguko ya uzi wakati wa kukifungua, ili kile kipya kiingie kwa idadi ileile na magurudumu yasipotee sana mwelekeo. Kiungo huachanishwa kwa kifaa maalumu cha kuvutia au kwa kugonga ubavu wa jicho la mkono, si kwa kuipiga ncha yenye uzi. Tundu likionekana limepanuka au limekuwa la yai kwa sababu nati iliwahi kulegea, mkono mzima ubadilishwe, kwani kiungo kipya ndani ya tundu bovu kitalegea tena. Nati ikikazwa na mapengo yake yasilingane na tundu la pini, huendelea kukazwa mbele hadi yalingane. Kuirudisha nyuma kidogo ili pini ipite ni kosa linalofanyika kila siku.

Pini hiyo ndogo ndiyo ya bei ya chini kuliko kitu chochote kwenye mfumo mzima, na ndiyo inayoonewa zaidi. Msumari uliokunjwa au waya wa kufungia nondo si mbadala wake. Msumari hukatika na waya hulegea. Vilevile, kuchomelea kwa umeme tairodi iliyopinda au pitimani uliopasuka hakukubaliki kwa hali yoyote, hata fundi awe hodari kiasi gani. Vyuma hivi vimepikwa kiwandani kwa kiwango maalumu cha ugumu, na joto la kuchomelea huuondoa ugumu huo mahali pamoja na kuacha chuma kilicho tayari kuvunjika kandokando ya kiungo kinachopendeza machoni.

Pale tu viungo vyote vinapokuwa vizima, na ulegevu uliobaki ukithibitika kuwa uko ndani ya boksi, ndipo zamu ya ile skrubu inafika. Hata hivyo, kwanza kiangaliwe kiwango cha oili ndani ya boksi. Boksi lisilo la pawa stelingi hutumia oili nzito ya gia, kwa kawaida namba 90, na likivuja kwa sababu ya sili iliyochakaa huwa linaingiza maji pia. Kisha magurudumu yanyooshwe mbele na fimbo itenganishwe na pitimani, ili anayerekebisha ahisi boksi peke yake. Nati ya juu ilegezwe, na skrubu iingizwe kidogo kidogo, isizidi robo ya mzunguko kwa mara moja, huku usukani ukijaribiwa kila baada ya hatua. Wakati wa kufunga nati, skrubu ishikwe isizunguke.

Sababu ya kunyoosha magurudumu ni kwamba meno ya boksi yamechongwa yabanane zaidi katikati, mahali ambapo gari hutumia muda mwingi, na kulegea kidogo kuelekea kona. Katikati ndiko hulika zaidi. Kwa hiyo boksi linalorekebishwa likiwa limegeuzwa kona hubana mno likirudi katikati. Dalili ya kukaza kupita kiasi ni usukani kukwama kidogo unapopita katikati, au kutojirudisha wenyewe baada ya kona. Gari la namna hiyo ni hatari kuliko lililolegea, kwa kuwa dereva anaporuhusu usukani urudi unabaki pale pale, na ndani ya boksi gololi na njia zake zinasagana. Boksi ambalo haliwezi kuondolewa ulegevu bila kukwama katikati limekwisha kazi yake; lifunguliwe na kufanyiwa matengenezo kamili, au libadilishwe.

Kuhusu vipuri, boksi la mtumba kutoka kwenye gari lililokatwa linaweza kufaa likikaguliwa vizuri. Kiungo cha tairodi au boljointi ya mtumba haifai, kwa sababu mnunuzi analipia uchakavu asiopimika kwa macho. Kwa kipya, mnunuzi aishike pini yake na kuizungusha dukani: inapaswa kuwa na ukinzani laini na sawa pande zote. Ikianguka kwa uzito wake yenyewe au ikiwa na mahali inapokwama, irudishwe kaunta. Mpira wa vumbi usiwe na nyufa, na kiungo kije na nati na pini yake. Risiti ya mashine idaiwe, kwa kuwa ndiyo ushahidi endapo itabainika kuwa bidhaa ni bandia. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na masuala ya ubora hafifu yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari lenye ubovu unaohatarisha usalama kutumika barabarani, na inawapa askari polisi mamlaka ya kulisimamisha na kulikagua. Wajibu huo haumhusu dereva peke yake. Mmiliki anayejua kwamba stelingi ni mbovu na bado akalitoa gari kwa hesabu ya siku hawezi kusema kwamba aliyekuwa ameshika usukani ni mwingine. Madereva wengi wa pikapu wilayani Muleba si wamiliki, na katika mpangilio huo kila mmoja humsubiri mwenzake alipie tairodi. Mwafaka wa nani hugharimia vipuri vya usalama ungepaswa kufikiwa siku ya kukabidhiana funguo.

Kwa upande wa mafundi, ipo fursa ambayo haijatumiwa vya kutosha. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, inao utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi aliyejifunzia gereji hupimwa katika kazi anayoifanya na kupewa cheti akifaulu. Mkoa una chuo cha VETA kilichojengwa kwa msaada wa Serikali ya China katika eneo la Burugo, Wilaya ya Bukoba, na kuzinduliwa Oktoba 2022. Fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi chini ya Hilux hana cha kuogopa katika upimaji huo, na mwenye gari naye hupata kipimo kingine cha kumchagua fundi zaidi ya jina lake mtaani.

Baada ya kubadilisha kiungo chochote cha tairodi, gari lipelekwe kupimwa alaimenti. Kama kipimo kiko mbali, urefu wa tairodi unaweza kuwekwa kwa muda kwa kutumia futi ya kamba: umbali kati ya tairi mbili za mbele upimwe kwa mbele na kwa nyuma, kwa kimo cha katikati ya gurudumu, na ule wa mbele uwe pungufu kwa milimita chache kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Kipimo hicho kinalifikisha gari mjini bila kumaliza matairi, si zaidi ya hapo. Kisha, baada ya wiki moja ya kazi ya kawaida, nati zote zilizoguswa zikaguliwe tena, pamoja na ile ya juu ya boksi, na chaki irudi kwenye usukani ili namba mpya iandikwe kando ya ile ya mwanzo.